Ile taa nyekundu ya Yaka

Kwenye hosteli yetu hapa Kampala kila ghorofa ina Yaka moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, imetundikwa ukutani karibu na ngazi. Ghorofa yetu ina vyumba sita, wasichana kumi na wawili, na pesa ya umeme tunachanga. Aliyewahi kuchangishana pesa ya umeme na watu kumi na mmoja anajua urafiki unavyokufa. Uniti 15 za kwanza za mwezi, zile za shilingi 250, sisi tunazimaliza kabla hatujaulizana nani bado hajalipa. Baada ya hapo bei inaruka karibu mara tatu.

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kukusanya michango. Nikaona nianze na kampeni. Nikachapisha karatasi, "Zima taa ukitoka", nikabandika kila mlango, na chooni pia. Nilijiona mwanamazingira kamili. Wiki hiyo uniti zikaisha Alhamisi, kama wiki zote. Kwenye karatasi ya chooni mtu akaongeza kwa kalamu: "Na wewe zima pakoleta yako."

Pakoleta ndilo birika langu la umeme. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Askari wetu wa getini ni mzee aliyestaafu jeshini. Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, kama anatoa amri. Mimi nimekulia Arua, Kiswahili nimekipata sokoni, kwa hiyo tulizoeana mapema. Alhamisi hiyo alinikuta kwenye ngazi, nimemaliza kuingiza zile namba ishirini za tokeni, naikodolea mita macho.

"Binti, unaitazama tu? Hesabu."

"Nihesabu nini, Afande?"

"Hiyo taa."

Kuna kitaa chekundu kwenye mita, kidogo kama punje ya mtama, kinapepesa. Pembeni yake pameandikwa 1000. Afande akanieleza kwamba kikipepesa mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Aliwahi kulinda stoo fulani na usiku hana la kufanya, basi akajifunza kuisoma mita kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

Jumamosi, wengi wakiwa wametoka, niliwaomba waliobaki wachomoe kila kitu. Nikawasha taa moja tu ya chumbani kwangu, ya wati 9, nikaenda kusimama mbele ya mita na simu mkononi. Dakika moja, mbili, tatu. Nikadhani mita imekufa. Karibu dakika saba zilipita kabla hakijapepesa mara moja. Nikachomeka pakoleta, ambayo ni ya wati 2000. Kila sekunde mbili, tap, tap, tap. Ikiwa imejaa maji hadi juu, nilihesabu kama mara 170 mpaka ikachemka. Nikamwaga, nikaiacha ipoe, nikaweka maji ya vikombe viwili. Hamsini na kitu.

Halafu nikamkumbuka mwenzetu wa chumba cha nne anayepika maharage kwa koili, jiko la umeme. Koili yake nayo ni ya wati 2000. Saa moja ya koili hiyo ni uniti mbili. Kwa uniti mbili taa yangu ingewaka siku tisa, usiku na mchana, bila kuzimwa. Na mimi nilikuwa nimebandika karatasi kuhusu taa!

Nikazibandua zote. Jumapili jioni nikawaita wote kwenye ngazi, nikasema njooni muone sinema. Walikuja kwa kejeli. Mmoja akakimbia chumbani kuwasha pasi, mwingine akapiga kelele, "Heee, inakimbia!" Walishindana nani kifaa chake kinaipelekesha zaidi. Hakuna aliyehubiriwa. Ila kesho yake mtu alinunua chupa ya chai, maji yakawa yanachemshwa mara moja asubuhi kwa chumba kizima. Wa chumba cha nne akaanza kuloweka maharage usiku, akafunika sufuria, na sasa wanapikia chungu kimoja watu wanne. Wiki hiyo uniti zilifika Jumamosi usiku. Sisemi tumeokoa dunia.

Rafiki yangu anayesoma uhandisi ananicheka. Anasema bwawa la umeme la Karuma lilizinduliwa 2024, megawati 600, umeme nchini umejaa, tunabana nini? Namjibu kwamba Karuma haijawahi kutoa mchango wake kwenye ghorofa yetu. Mwingine alitaka kuniridhisha, akahamia sigiri, jiko la makaa, pale nyuma ya jengo. Hapo ndipo nilipokataa kabisa. Makaa hayo mengi yanatoka kwetu kaskazini, na hata baada ya rais kupiga marufuku biashara ya makaa huko mwaka 2023, bado magunia yanapatikana mjini. Afadhali maharage yaliyolowekwa yapikwe kwa koili kuliko mti wa shea ukatwe ili mimi nijisifu kwamba nimebana uniti.

Kinachonikera sasa ni chuoni. Tunabandikiwa mabango mazuri ya kuhifadhi nishati, yana majani ya kijani pembeni, na ukumbi wa mihadhara unakesha ukiwaka, projekta juu ya kichwa cha mtu asiyekuwepo. Mita yenyewe iko nyuma ya mlango wenye kufuli. Nimeandika barua kuomba jambo moja tu: itoeni hiyo mita nje, au wekeni namba ya jana na ya leo pale tunapoingilia. Bado nasubiri jibu.

Juzi saa kumi na mbili asubuhi nilitoka kwenda kuoga, nikamkuta yule wa chumba cha nne amesimama mbele ya Yaka, taulo begani, mswaki mdomoni, anahesabu kwa vidole. Akautoa mswaki, akageuka akaita ghorofa nzima:

"Nani anapiga pasi saa hizi?"