Kabla hamjatoa arubuni ya safari ya Danubi

Swali la kwanza la kumuuliza anayeuza safari ya chombo cha abiria kwenye mto wa Ulaya, kama Danubi, si bei, wala si ukubwa wa kabini. Ni hili: maji yakipungua au yakifurika, mtatufanyia nini? Akianza kuwaonyesha picha za Budapest usiku badala ya kujibu, msitoe arubuni bado.

Sisi watu wa pwani, hapa Mombasa, tumezoea maji yenye ratiba. Yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na bamvua na maji mafu twayajua kwa kuutazama mwezi. Mashua ikipwelewa asubuhi, alasiri inaelea. Mto hauna desturi hiyo. Kina cha Danubi hutegemea mvua na theluji ya milimani, na kikipungua mwezi wa Agosti kinaweza kubaki hivyo wiki kadhaa. Ukifurika, taabu ni kinyume chake: maji tele, lakini madaraja hayapandi pamoja nayo, chombo hakipiti chini, na serikali husimamisha vyombo vyote.

Mjini Passau, Ujerumani, hukutana mito mitatu: Danubi, Inn na Ilz. Kwenye ukuta wa Rathaus, jengo la halmashauri lililo ukingoni mwa mto, wameweka alama za mafuriko, kila moja na mwaka wake, juu kuliko kichwa cha mtu. Ya juu kabisa ni ya 1501. Inayofuata ni ya 2013, mwaka ambao kipimo kilifika mita 12.89. Ukisimama chini ya ukuta ule huulizi tena kwa nini mkataba wa safari una kifungu cha maji.

Na kifungu hicho kisomeni. Kwa kawaida kinaipa kampuni ruhusa ya kubadilisha njia, kuwapeleka kwa basi, au kukigeuza chombo hoteli iliyofungwa gatini, bila kurudisha pesa. Njia wanayoipenda zaidi ni kubadilishana vyombo: abiria wa chombo kilichokwama upande huu wa maji haba hupanda basi, wakaingia chombo cha kufanana nacho kilichokwama upande wa pili. Hiyo si hila, na mara nyingi kabini ni ileile, kitanda kilekile. Lakini siku moja yote inaishia kwenye kufunga na kufungua masanduku.

Mahali pabaya panajulikana. Kwenye Danubi ni Bavaria, jimbo la Ujerumani, kati ya Straubing na Vilshofen, kama kilomita 70 ambazo mto hauna mabwawa ya kuinua maji. Kwenye mto Rhine ni mji wa Kaub, Ujerumani, ambako chini ni mwamba. Hapo watu hukosea kusoma. Kipimo cha Kaub kikiandikwa sentimita 60, maana yake si kwamba mto una kina cha sentimita 60, kwa sababu sifuri ya kipimo haiko chini ya mto. Njia ya vyombo ina zaidi ya mita moja juu ya tarakimu ile. Oktoba 2018 kipimo kilishuka hadi sentimita 25, na hapo hata hesabu hiyo haikusaidia. Tarakimu hizi hutangazwa kila siku kwenye intaneti, kwa hiyo wiki mbili kabla ya kuondoka mtu mmoja kwenye kikundi apewe kazi ya kuzifuata.

Kwa kikundi kinachokwenda mara ya kwanza, tunashauri Passau hadi Budapest na si vinginevyo. Umbali wa mto hapo ni chini kidogo ya kilomita 580, na sehemu ile ya Bavaria mnaiacha nyuma yenu. Njia ndefu ya Amsterdam hadi Budapest inasifiwa sana, lakini inapita mfereji wa Main–Danubi. Mfereji huo ulikamilika 1992, una kilomita 171, malango ya maji 16 (tutayaeleza punde), na madaraja mengi ya chini. Malango yake yana upana wa mita 12. Ndiyo sababu vyombo vingi vimejengwa kwa mita 135 kwa 11.4: zinabaki sentimita 30 kila upande, na ukiwa dirishani unaweza kuhesabu matone kwenye zege. Kwa ajili ya madaraja, reli za sitaha ya juu hulazwa, miavuli hukunjwa, na chumba cha nahodha hushushwa kwa mitambo hadi kibaki kama kofia. Abiria hawaruhusiwi juu, pengine siku nzima. Aliyelipa ili akae kwenye upepo atanung'unika.

Lango la maji ni chumba cha zege chenye milango mbele na nyuma. Chombo kinaingia, nyuma panafungwa, maji yanaachiwa, chombo kinashuka pamoja nayo, mbele panafunguliwa. Passau hadi Budapest yapo 11. Kubwa kuliko yote ni la Gabčíkovo, Slovakia, kati ya Bratislava na Budapest: urefu wa chumba mita 275, upana mita 34, na maji hushuka kiasi cha mita 20. Mengi hupitwa usiku. Mgongano mdogo na mtetemo saa nane za usiku ni kazi ya kawaida, msiamshane.

Mtetemo huo unatuleta kwenye kabini. Tezi, yaani nyuma, kuna injini. Omo, yaani mbele, kuna kipropela cha pembeni kinachotumika kuingia malangoni, na sauti yake hupita kwenye mto wa kulalia. Katikati ndiko kuzuri. Sitaha ya chini ni nafuu, lakini dirisha liko juu karibu na dari, halifunguki, na kwa kawaida lifti haifiki huko. Mwenye magoti mabovu msimweke chini ili kuokoa pesa, kwani atapanda ngazi mara kumi kwa siku. Kile kinachoitwa balkoni ya Kifaransa ni mlango wa kioo wenye reli mbele yake, hakuna pa kuweka hata kiti. Isitoshe, gatini vyombo hufungwa ubavu kwa ubavu, viwili, hata vitatu. Mnavuka ukumbi wa chombo cha watu kufika nchi kavu, na ukifungua pazia asubuhi unakutana uso kwa uso na mgeni anayepiga mswaki. Wanaojisitiri wafunge pazia kabla ya kulala, siku zote.

Kabini nyingi ni za watu wawili, za watatu ni adimu. Kikundi kikiwa na idadi witiri, wa mwisho hulala peke yake na hulipa nyongeza, ambayo pengine inakaribia bei ya mtu wa pili. Amueni mapema kama nyongeza ni yake au ya wote. Ugomvi wa vikundi vya safari huanzia hapo mara nyingi kuliko kwenye chakula.

Viza sasa. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja yatosha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudi ukinyimwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile mtakayoingia kwanza. Hapa ndipo vikundi huanguka. Chombo peke yake kinaweza kuwapa siku nyingi Austria, lakini nusu ya kikundi wakiongeza usiku tatu za hoteli Budapest, mizani yao inahamia Hungaria na ya wenzao inabaki Austria. Kubalianeni ratiba moja kabla ya mtu yeyote kujaza fomu. Ambatanisheni barua ya kampuni inayotaja kila bandari na tarehe yake, maana jina la chombo tu halimwambii ofisa mtalala nchi gani. Na pesa za chama, kile kikundi chenu cha kuweka akiba, zikiingia kwenye akaunti ya mtu wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya benki, zinatiliwa shaka. Ziingie miezi kadhaa mapema, au pelekeni barua ya chama yenye maelezo.

Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi huchukua siku 15, na sheria inaruhusu kufika 45. Alama za vidole hutolewa Nairobi, kwa hiyo wekeni kwenye hesabu treni ya kutoka kituo cha Miritini, Mombasa, na usiku mmoja wa kulala. Aliyetoa alama chini ya miaka mitano iliyopita huenda asiambiwe azitoe tena.

Mkitamani kuendelea chini hadi Belgrade, jihadharini. Serbia haiko Schengen. Mkitoka Hungaria kwenda Serbia mmeshatoka, na kuingia Romania au Bulgaria baadaye ni kuingia upya, kwa kuwa nchi hizo mbili zimo Schengen kikamilifu tangu Januari 2025. Viza ya kuingia mara moja inakufa mpakani. Ombeni ya kuingia mara nyingi na mweleze sababu kwenye barua.

Chakula. Kwenye jiko la vyombo hivi nguruwe hana pahali pake maalumu, yumo popote: bekoni ndani ya saladi ya viazi, soseji za asubuhi, gelatini kwenye vitamutamu. Mvinyo nao humiminwa kwenye michuzi. Ukisema "halali" tu, wengi huelewa "bila nguruwe". Andikeni wazi: hakuna nguruwe, hakuna pombe ndani ya mchuzi, hakuna gelatini, tunakula samaki, mayai na mboga. Liandikeni siku ya kulipa, kwa sababu shehena kubwa ya chakula hupakiwa mwanzo wa safari na mpishi hawezi kukuvulia samaki njiani. Pilipili bebeni yenu, chupa ndogo kwenye sanduku la kupakia.

Kibla hapa Mombasa ni kaskazini karibu kabisa, na mwili umezoea. Vienna, Austria, ni kusini mashariki. Dira ya simu ndani ya chombo cha chuma hudanganya, hivyo pandeni sitaha ya juu mtazame jua kwanza. Kumbukeni pia chombo kinageuka. Swala ya kabini ni afadhali mkiwa gatini. Juni jua huzama Vienna karibu saa tatu za usiku, na giza kamili haliingii hadi saa sita za usiku hivi. Jueni mapema mtafuata kauli ya nani kuhusu Isha na Alfajiri, msije mkaanza mjadala huo sitahani. Desemba ni kinyume, jua linazama saa kumi za jioni, na masoko ya Krismasi huuza mvinyo wa moto kila kona. Asiyekunywa aombe Kinderpunsch, ya matunda, isiyo na kilevi.

Vienna chombo hufunga karibu na daraja la Reichsbrücke, mbali na katikati. Msilipe teksi. Kituo cha Vorgartenstraße kiko hapo karibu, mstari wa U1 wa treni ya mjini, na Stephansplatz, katikati ya mji, ni kituo cha nne. Msikiti wa Kituo cha Kiislamu, uliofunguliwa 1979, uko karibu na kituo cha Neue Donau, mstari wa U6. Maji ya bomba kunyweni bila wasiwasi, yanatoka milimani kwa mfereji ulioanza 1873. Mtu wa Mombasa aliyezoea kungoja maji ya mkokoteni atasimama akitazama bomba likitiririka. Jumapili maduka mengi Austria na Ujerumani hufungwa, kwa hiyo dawa na zawadi zinunuliwe Jumamosi.

Kipande kizuri kuliko vyote ni Wachau, bonde la mto huko Austria, kilomita 36 hivi kati ya Melk na Krems. Kwa kufuata mkondo ni kama saa mbili tu. Ratiba nyingine hukipita usiku, na hiyo ni sababu tosha ya kuikataa. Dürnstein, mnara wake wa buluu na magofu ya ngome alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192, hupita upande wa kushoto mkishuka mto. Jemu ya aprikoti ya huko yafaa kuletwa nyumbani. Chokoleti someni karatasi, nyingi zina pombe ndani.

Budapest, wengi huishia Bungeni na kwenye Daraja la Minyororo la 1849. Upande wa Buda kuna kaburi la Gül Baba, dervishi wa Kituruki aliyefariki 1541. Njia ya kupanda ina mawe na ngazi, vaeni viatu vya kamba, si makubazi. Hungaria hutumia forinti. Mashine ya kadi ikiuliza mnalipa kwa shilingi au forinti, chagueni forinti, la sivyo mwenye mashine anajipangia kiwango chake.

Kila mtu akishuka huchukua kadi mapokezini na akirudi huirudisha. Asiyerudisha anadhaniwa yuko nje hata kama amelala kabini, na aliyeiacha akatoka anadhaniwa amelala. Hapo ndipo watu huachwa. Kiongozi ahesabu kadi pamoja na vichwa, nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Vyombo vingi huweka pasipoti mapokezini, kwa hiyo picha ya pasipoti na viza iwe kwenye simu, pamoja na nambari ya simu ya chombo. Mtu akiachwa Vienna na bandari ifuatayo ni Bratislava, apande U1 hadi Hauptbahnhof, kituo kikuu cha treni. Treni ni kama saa moja, na mara nyingi atafika kabla ya chombo.