Nilivyopata nakala ya ripoti ya polisi baada ya ukatili wa nyumbani

Namba unayopewa kaunta siku ya kuripoti siyo ripoti. Inathibitisha tu kwamba tukio limeandikwa. Nilipoandaa ombi la amri ya ulinzi mahakamani, yaani amri ya kumzuia aliyenipiga asinidhuru tena, nilihitaji vitu vitatu vilivyo nyuma ya namba hiyo: ukurasa wa mbele wenye tarehe, mahali, majina na aina ya kosa, maelezo yangu yote kama yalivyoandikwa, na picha za majeraha walizopiga askari. Si kila anayedai ripoti anahitaji vyote. Mwajiri au mwenye nyumba kwa kawaida hutosheka na ukurasa wa mbele, na sioni sababu ya kumpa zaidi.

Askari wa kaunta mara nyingi hana mamlaka ya kutoa nakala, hivyo kumbembeleza ni kupoteza muda. Ulizia wanaotunza kumbukumbu, au mpelelezi aliyekabidhiwa jalada, uombe kwa maandishi. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja: jina kama lilivyo kwenye ripoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya tukio, siku, saa na mahali, jina la askari aliyechukua maelezo, kwamba mimi ndiye mlalamikaji, na orodha ya ninachotaka. Ukiandika "naomba ripoti" bila orodha, utapewa ukurasa wa mbele na kazi itahesabiwa imekwisha. Niliambatisha kivuli cha kitambulisho na kupeleka barua nakala mbili; moja ikabaki kwao, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikaondoka nayo. Bila muhuri huo, siku ya kufuatilia utaambiwa barua haijaonekana.

Kama vitambulisho vyako amevishikilia aliyekupiga, hilo nalo liingie kwenye maelezo, maana ni sehemu ya ukatili wenyewe. Omba wapokee cheti cha kuzaliwa, kadi ya hospitali au kitambulisho cha kazi.

Sauti iliyorekodiwa ulipopiga simu ya dharura haisubiri. Hufutwa baada ya muda, kwa hiyo andika mapema kuomba ihifadhiwe, hata kama hujajua utaitumia wapi.

Anwani nayo ni ya kuangaliwa kabla ya kuandika lolote. Kesi ikifika mahakamani, wakili wa mtuhumiwa hupata nyaraka za jalada, na unapoishi sasa panaweza kusomeka humo. Omba anwani mpya ifichwe au itumike ya wakili. Mimi nilichagua kuchukua nakala kwa mkono. Usiruhusu itumwe kwenye nyumba, simu au barua pepe ambayo aliyekupiga anaweza kuifungua.

Jibu utakalolisikia sana ni "upelelezi bado unaendelea". Huenda ni sababu halali ya kuzuia baadhi ya kurasa, ila si ya kukurudisha mikono mitupu. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, ikitaja kifungu cha sheria, na wakati huohuo omba ukurasa wa mbele. Sheria hutofautiana sana. Katika jimbo la California, Marekani, mwathirika wa ukatili wa nyumbani hupewa ukurasa wa mbele bure ndani ya saa 48 tangu aombe, na ripoti kamili ndani ya siku 5 za kazi, au 10 pakiwa na sababu ya msingi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 yanampa mlalamikaji haki ya kupata uthibitisho wa maandishi wa malalamiko yake. Ikishindikana kabisa, wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru polisi kutoa ripoti.

Ukishaipata, isome neno kwa neno. Mistari iliyofutwa kwa wino mweusi isikutishe. Kwa kawaida ni taarifa za mashahidi. Kagua aina ya kosa: "ugomvi wa kifamilia" badala ya shambulio hubadilisha uzito wa kesi yote. Kagua pia maneno ya majeraha. Niliyosema "alinikaba koo, nikashindwa kupumua" yaliandikwa "alimshika shingoni", na daktari au hakimu hasomi hayo mawili sawasawa. Usikate wala kuandika juu ya karatasi ya polisi. Toa maelezo ya nyongeza yenye tarehe ya siku hiyo na namba ileile ya tukio. Yatumie pia kwa alama zilizovilia damu, ambazo huonekana vizuri zaidi baada ya siku moja au mbili: piga picha ya mbali inayoonyesha uso wako, kisha ya karibu ukiweka rula kando ya jeraha.

Kwa matumizi ya mahakama omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na sahihi; kivuli cha kawaida kinaweza kukataliwa. Na kabla hujaondoka dirishani hesabu kurasa. Kama zimeandikwa 1 hadi 6 na umeshika tano, dai iliyobaki papo hapo.