Lithiamu kwa mtu mwenye sonona

Kinachotisha mara nyingi si kidonge, ni ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Umeambiwa una sonona, umeandikiwa lithiamu, unaikunjua karatasi unakuta inazungumzia maradhi ya hisia kupanda na kushuka. Moyo unaruka: kumbe daktari kanificha kitu?

Mara nyingi hajaficha, amehesabu. Dawa ya kwanza ya sonona ilipewa wiki sita au zaidi kwa dozi kamili, haikufua dafu. Ya pili ikasaidia nusunusu. Badala ya kuifuta hiyo nusu na kuanza upya, anaiacha palepale na kuongeza lithiamu juu yake. Ndiyo maana vidonge vya zamani haviachwi. Ila hesabu yenyewe ni haki yako kuihoji: dawa iliyomezwa siku nne kwa wiki haijashindwa, haijajaribiwa.

Lithiamu ni chumvi, na figo huichukulia karibu kama sodiamu. Ukihara, ukitapika au ukiacha chumvi ghafla, figo hushikilia sodiamu, na lithiamu hubaki humohumo mwilini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo huizuia isitoke. Kichwa kikiuma, parasetamoli ni afadhali. Kiwango kinacholengwa kwenye damu ni kama milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Kikifika 1.5 tayari ni hatari: mikono inatetemeka vibaya, mtu anayumba, ulimi unakuwa mzito. Hapo ni hospitali, si kusubiri kesho. Nafasi finyu namna hiyo ndiyo inayowafanya madaktari wengi waikwepe, nadhani, kuliko udhaifu wowote wa dawa. Figo na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi sita hivi.

Kosa la kijinga kuliko yote liko kwenye kipimo. Damu hutolewa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho: umemeza saa tatu usiku, sindano ni saa tatu asubuhi, na kidonge cha asubuhi, kama kipo, kinasubiri. Ukikimeza saa moja asubuhi ndipo uende maabara, namba inapanda kwa uongo, daktari anapunguza dozi isiyopaswa kupunguzwa, na sonona inarudi huku lawama ikiangukia dawa. Mwambie anayekutoa damu akuandikie kwenye fomu saa uliyomeza kidonge cha mwisho.