Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua aina za viazi za kupanda nyumbani, Ilemela, Mwanza

Lengo la mradi huu ni kupata aina chache za viazi ambazo familia yangu itakula kwa hamu, na ambazo mbegu yake nitaweza kuitunza mwenyewe hapa nyumbani, badala ya kuzunguka kwa majirani kuomba marando, yaani mashina ya viazi vitamu yanayopandwa kama mbegu, kila mvua za vuli zinapokaribia. Wengi wanapochagua mbegu ya viazi huuliza kwanza habari ya mavuno, kisha utamu. Mimi nimetanguliza swali la kiangazi: aina hii ikishavunwa, na ukame wa Juni hadi Septemba ukapita juu yake, je, mvua zitakaporudi nitakuwa bado na mbegu safi ya kupanda?

Viazi mviringo niliviacha mapema, ingawa watoto wangefurahi kuchimba chipsi zao wenyewe. Mmea wake huhitaji usiku wenye ubaridi ili uweke viazi ardhini, na ndiyo sababu hustawi Njombe, nyanda za juu za Mbeya na miteremko ya Kilimanjaro. Mwanza iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140, na usiku wetu wa kando ya ziwa hauna ubaridi wa kutosha. Mmea hujaa majani huku chini kukiwa na viazi vidogo visivyolipa gharama ya mbegu. Uchaguzi uliobaki ni wa viazi vitamu, na hapo Kanda ya Ziwa ina utajiri mkubwa wa aina.

Udongo wangu ni ule wa kichanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe ya vilima vyetu, ambao Wasukuma huuita luseni. Hauna rutuba nyingi, lakini viazi vitamu huupenda kwa sababu ni mwepesi na hautuamishi maji. Niliuongezea samadi iliyooza vizuri, nikainua matuta yanayofika magotini, na kuacha karibu mita moja kati ya tuta na tuta.

Oktoba: aina zilizoingia

Nimechagua Kabode, Ejumula na Polista, pamoja na matembele ya kienyeji yenye majani kama vidole, ambayo yamepandwa kando kwa ajili ya mboga tu na hayahesabiwi katika ulinganisho.

Kabode na Ejumula ni viazi lishe, yaani vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 tu za viazi lishe vilivyochemshwa zinaweza kumtosheleza mtoto wa chini ya miaka 5 mahitaji yake ya siku. Zote mbili zilitoka Uganda. Kabode, ambayo jina lake la kitaalamu ni NASPOT 10 O, iliidhinishwa huko mwaka 2007, na mtafiti aliyeongoza kazi hiyo, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Nafurahi sana kuona kazi kubwa kiasi hicho ikifika katika tuta la nyuma ya jiko langu.

Polista ni chaguo la moyo. Hapa Kanda ya Ziwa inapendwa kwa unga wake, na mtu aliyeizoea hupata shida kukubali kiazi chelema, chenye majimaji. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa Sengerema, alipoona nimeweka viazi lishe mbele, alisema, "Mwanangu, hivyo wape watoto, ila mimi nichimbie Polista." Kwa upande wa afya ya mbegu, Polista inajulikana kuwa dhaifu mbele ya virusi, na hilo ndilo nililotaka kulitazama kwa karibu.

Marando ya Kabode na Ejumula niliyapata kwa mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora (zile ambazo wakulima huzizalisha chini ya ukaguzi), ambaye mbegu mama yake ilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi. Ya Polista yametoka shamba la jirani. Katika kila rando nilichukua sehemu ya ncha, yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, nikaacha shina la chini, kwa kuwa huko ndiko fukuzi, mdudu anayeharibu viazi, hupenda kutaga mayai. Nilipanda kwa nafasi ya sentimita 30, theluthi mbili za kila kipando zikiwa ardhini.

Desemba: majani yanaanza kusema

Ugonjwa wa virusi ndio unaotenganisha aina hizi kwa uwazi kuliko kitu kingine chochote. Ugonjwa mkali hutokea pale virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja: kimoja huletwa na vidukari, kingine na inzi weupe, wale wale wanaoeneza batobato katika mihogo. Kikiwa peke yake, kirusi cha vidukari huenda kisionyeshe dalili yoyote ya maana. Vikiungana, mavuno yanaweza kupotea karibu yote. Kwa kuwa majirani wengi hapa wana mihogo, na ukigusa jani la mhogo inzi weupe huruka kama vumbi la unga, nilijua kwamba shamba langu litapimwa vilivyo.

Nimepita tuta kwa tuta nikigeuza majani. Katika Polista, baadhi ya mimea imedumaa: majani machanga ni membamba, yamejikunja pembeni, yana rangi ya njano iliyopauka kati ya mishipa, na pingili zimekaribiana kiasi kwamba rando zima linafanana na kichaka kidogo. Mimea hiyo naing'oa na kuifukia mbali na matuta. Ejumula nayo imeanza kuonyesha dalili katika tuta lililo karibu na mihogo, jambo linaloendana na sifa yake, kwani utamu na rangi yake nzito havikuja pamoja na ukinzani. Kabode imesimama vizuri. Haina kinga kamili, lakini majani yake ni mapana na marando yanatambaa bila kusita.

Ni muhimu kukumbuka kwamba viazi vitamu hatuvipandi kwa mbegu za ua bali kwa kipande cha mmea wenyewe, kwa hiyo ugonjwa wa msimu huu huingia msimu ujao ndani ya kipando. Wakulima wakisema mbegu imechoka, mara nyingi huwa imebeba virusi vilivyorundikana mwaka hadi mwaka.

Kwa ajili ya Ejumula nimetengeneza kitalu kidogo chini ya wavu: fito zimepindwa nusu duara juu ya tuta, kisha zikafunikwa kwa wavu wenye matundu madogo yasiyopitisha inzi weupe wala vidukari. Mradi wa Marando Bora ulipofanya kazi Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2009 uliweka suala la marando safi mbele ya wakulima wengi, na baada yake mbinu ya kuyafunika kwa wavu ilijaribiwa papa hapa kwetu. Wavu wangu niliununua kwa kazi hiyo. Chandarua cha malaria namsihi kila mtu akiache kitandani, maana ndiko kinakookoa maisha.

Machi: kuchimba

Kabode imezaa vizuri na kwa usawa. Ejumula imezaa viazi vichache zaidi, ila ladha yake ndiyo iliyozishinda nyingine zote mezani, na nyama yake ina unga kuliko watu wanavyotegemea kwa kiazi cha rangi ya chungwa. Polista iliyobaki baada ya kung'oa ilizaa viazi vizuri, lakini mashimo matupu katika matuta yake ni sehemu ya hesabu.

Fukuzi nao walionekana, hasa pale tuta lilipopasuka. Mdudu huyu hawezi kuchimba. Hushuka kupitia nyufa za udongo hadi kwenye kiazi kilicho juu juu. Nilikata kiazi kimoja cha namna hiyo nikaona vijia vyeusi vikizunguka chini ya ganda, na ukali wa harufu yake ukanijulisha kabla ya kuonja kwamba ni kichungu na hakifai hata kwa michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa. Tangu hapo tunapochokonoa viazi vya kula tunarudishia udongo mara moja na kuziba kila ufa.

Juni: mbegu ya msimu ujao

Mvua za masika zimeisha. Kabode nimeiacha ardhini katika tuta moja karibu na bomba, ambako maji ya kuoshea vyombo yanatosha kuiweka hai, na Ejumula inaendelea chini ya wavu.

Polista nimeipa njia ya mchanga. Kutoka kwenye mimea ambayo haikuonyesha ugonjwa, nimechagua viazi vidogo visivyo na jeraha wala alama ya fukuzi, nikavipanga katika beseni lililotandikwa gazeti, tabaka la mchanga mkavu na tabaka la viazi, bila kugusana, na beseni likawekwa chumbani penye kivuli. Kila mwezi nitavitazama na kutoa vitakavyooza. Katikati ya Agosti, wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vitahamia kwenye kitalu cha kumwagilia ili vichipue, na hapo nitakagua kila chipukizi jani kwa jani. Vikionyesha majani yaliyojikunja, Polista itatoka katika orodha yangu, na mama mkwe nitamnunulia viazi vyake sokoni Kirumba.