Kikwapa si kipimo cha usafi

Mtu anaponuka kikwapa, walio karibu naye huwa wamekwisha kumhukumu kimoyomoyo kwamba haogi. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno, kwa sababu wapo wanaooga asubuhi na jioni na bado wananuka kabla ya adhuhuri, na wapo wanaolowa jasho kutwa nzima bila jirani kuhisi chochote.

Jasho lenyewe, linapotoka mwilini, karibu halina harufu. Tezi zake ni za aina kuu mbili. Za kwanza, zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 4, zimeenea karibu ngozi nzima na hutoa maji yenye chumvi ili kuupoza mwili. Za pili, zinazoitwa apokrini, zimejikusanya hasa kwapani na kwenye kinena, nazo hazianzi kazi mpaka mtu abalehe. Ndiyo maana mtoto mdogo hucheza juani mpaka akalowa na asinuke kikwapa. Tezi hizi hutoa majimaji mazito kidogo, yenye mafuta na protini, ambayo bakteria wa ngozi huyavunjavunja, na harufu tunayoisikia hutokana na kemikali wanazozalisha katika kazi hiyo. Bakteria wa jamii ya Corynebacterium huzalisha asidi zenye harufu kali, ilhali Staphylococcus hominis huzalisha kemikali za salfa ambazo pua huzitambua hata zikiwa chache mno. Kila kwapa lina mchanganyiko wake wa bakteria, na kuoga huwapunguza tu, kwa kuwa waliojificha kwenye vinyweleo huongezeka tena.

Lakini bakteria hao hawawezi kuzalisha harufu bila malighafi, na hapa ndipo urithi unapoingia. Jeni iitwayo ABCC11 huongoza utengenezaji wa protini inayopitisha malighafi hiyo ndani ya tezi za apokrini. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili aina ya jeni hiyo isiyofanya kazi huwa na harufu hafifu sana ya kwapa, hata asipopaka chochote. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni hiyohiyo ndiyo inayoamua kama nta ya masikio itakuwa kavu, kwa aliyerithi aina isiyofanya kazi kutoka kwa wazazi wote wawili, au ya kunata. Aina isiyofanya kazi imeenea sana Asia ya Mashariki, ila ni nadra barani Afrika na Ulaya. Kwa hiyo anayetaka kukisia alichorithi anaweza kuanza kwa kuchunguza masikio yake, ushauri ambao nakiri si wa kutolewa mezani.

Homoni, baadhi ya dawa na hata kitambaa huchangia pia: poliesta hushika harufu ya jasho kuliko pamba.

Upo pia ugonjwa adimu wa kurithi, trimethilaminuria, ambapo mwili hushindwa kuivunja kemikali ya trimethilamini, hivyo jasho, mkojo na pumzi vikanuka kama samaki aliyeoza. Mgonjwa wa namna hii hasaidiwi kwa kuhimizwa aoge, anahitaji daktari. Vivyo hivyo, mgonjwa wa kisukari ambaye pumzi yake imeanza kunukia kama matunda, huku akitapika au akihema kwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa damu yake huenda imejaa asidi zinazoitwa ketoni.