Barafu yangu ilikuwa na chumvi, hivi ndivyo nlivyoitoa

Hapa Kisauni, Mombasa, nyumba nyingi zinategemea maji ya kisima, yale ya chumvi chumvi, na ya mfereji yakitoka ni bahati yako ujaze mapipa, yakikatika unamuita mwenye mkokoteni akuletee mitungi. Ya kisima tunafulia, tunaoga, tunaoshea vyombo, na barafu nayo tulikuwa tunagandishia hayo hayo. Sasa mtu akija unampa maji ya ndimu, mwanzo tamu kabisa, barafu ikishayeyuka anaanza kuangalia glasi vibaya. Mama akawa anasema ni hizi ndimu za siku hizi.

Mi nkagandisha trei tofauti tofauti, ya kisima, ya mfereji na ya yale maji ya kuchujwa na mashine tunayonunua dukani, alafu nkaacha kila moja iyeyuke kwa kikombe chake mpaka ubaridi uishe, manake kitu kikiwa baridi sana ulimi hauonji vizuri. Nkampa mama bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kisima aliitema. "We mwanangu, umenitilia chumvi?"

Nkachukua kipande chengine cha hiyo ya kisima nkakitazama. Pembeni kimeangaza kama kioo, katikati kuna weupe, na nlipokivunja pale katikati palikuwa laini laini, hapajashika vizuri. Lamba nje, chumvi kidogo, lamba ndani, weee! Kumbe maji yanaanza kuganda kutoka nje, na barafu inavyojijenga haitaki kitu kisichokuwa maji, kwa hivo inasukuma chumvi na hewa ndani ndani mpaka vinakosa pa kwenda. Na maji ya chumvi yanachelewa kuganda, hata ya bahari yanataka kama digrii 2 chini ya sifuri.

Wengi wataniambia chemsha tu. Kuchemsha kulinisaidia kwa maji ya mfereji peke yake, ile harufu ya dawa ilipungua sana, na yale maji asili yake ni Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, chumvi ya bahari hayana. Lakini ya kisima ukichemsha mvuke ndio unaoenda zake, chumvi inabaki sufuriani, tena inazidi kukolea. Ule ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa, sisi huku tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, utaikosaje.

Sa hii nafanya hivi. Maji ya mfereji nachemsha, yakipoa namimina kwenye lile boksi dogo la pikniki la kuweka soda baridi, nalitia ndani ya friza bila kifuniko. Baridi inaingia kwa juu tu kwa sababu pembeni na chini boksi linaizuia, basi barafu inashuka pole pole na uchafu wote unasukumwa chini. Kabla ya chini kuganda nalitoa, namwaga yale maji yaliyobaki, nabaki na jiwe la barafu unaona vidole upande wa pili. Navunja kwa mchi. Inachukua muda na friza ikiwa ndogo utagombana na watu wa nyumbani, kwa hivo kama una haraka maji ya kuchujwa yanatosha, hayo hata kwenye trei yanatoka vizuri.

Kitu chengine ni samaki. Friza yetu haikosi changu, na barafu ikikaa wazi inavuta ile harufu hata maji yawe masafi vipi, basi nikishavunja naweka kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana.

Ya kisima bado nagandisha, kwenye chupa za soda, sijazi mpaka juu manake maji yakiganda yanafura na chupa inapasuka. Hizo nabeba nikienda soko la Kongowea, napanga samaki juu yake mpaka nyumbani.