Kipa wa rika langu

Tarehe 4 Julai 2020, saa mbili usiku, nilikuwa sebuleni kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na kikombe cha chai mkononi. Kiangazi cha Ulaya kikifika, saa ya Berlin na saa ya Lubumbashi huwa moja, basi mechi tunaitazama jioni ileile wanayoicheza wao. Ilikuwa fainali ya Kombe la Ujerumani, Bayern Munich na Bayer Leverkusen. Uwanja mkubwa wa Berlin ulikuwa mtupu kwa ajili ya korona, na sauti za wachezaji zilisikika moja moja kama za watoto kwenye uwanja wa shule siku ya likizo.

Kufika dakika ya 59 Bayern walikuwa wameshafunga mawili. Manuel Neuer akapiga mpira mrefu kutoka langoni kwake, Robert Lewandowski akaupokea, akaachia shuti kutoka mbali. Lilikuwa shuti la kawaida, lilimfuata kipa wa Leverkusen, Lukas Hradecky, palepale aliposimama. Likamgonga mikononi, likamponyoka, na mpira ukajiviringisha nyuma yake, polepole, hadi ukavuka mstari.

Nilisimama, chai ikamwagika kwenye mkeka. Mke wangu akatoka mbio jikoni. "Papa, nani amekufa?" Sikumjibu. Bao lile nililijua. Nililifungwa mimi mwaka 2011, kwenye uwanja wa udongo mwekundu usio mbali na pale tulipokuwa, na baada yake sikukaa golini tena.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na Lubumbashi ukisema mtu wa reli umeshasema Saint-Éloi Lupopo. Timu ile ilizaliwa na watu wa reli mwaka 1939, na Mtakatifu Eloi ndiye msimamizi wa wafua vyuma. Kwetu buluu na njano zilikuwa hadi kwenye vitambaa vya meza. Mimi nami nimekuwa mtu wa chuma, nachomelea milango na madirisha, kwa hiyo mtakatifu huyo ni wangu mara mbili. Lakini tangu utotoni nilikuwa na siri ambayo mzee hakuijua kwa miaka mingi: nilimpenda kipa wa TP Mazembe, wapinzani wetu wa mji huohuo, Robert Kidiaba. Nilipenda anavyotoka golini bila kuomba ruhusa ya mtu, na anavyoshangilia bao akiwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele, anarukaruka kwa makalio uwanja mzima ukicheka kwa furaha. Tarehe 14 Desemba 2010 Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mji mzima ulitoka barabarani. Nilimkuta baba amesimama mlangoni, mtu wa Lupopo kabisa, anapiga makofi. Siku nne baadaye Inter Milan walitufunga tatu bila, lakini makofi yale hayakurudi nyuma.

Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa gadie, ndivyo tunavyomwita kipa huku kwetu, wa timu ya mtaa iliyokuwa inatafuta kupanda daraja. Miezi michache baada ya Abu Dhabi tukafika mechi ya mwisho. Sare ilitutosha.

Watu hudhani mpira mgumu kwa kipa ni ule unaokwenda pembeni. Huo unauona, mwili unaruka wenyewe, na ukiukosa hakuna anayekulaumu. Mpira mgumu ni ule unaokujia kifuani kutoka mbali, kwa sababu unakupa nafasi ya kufikiri. Tulifundishwa hivi: vidole gumba viwili vikaribie kugusana, mikono mbele, kifua nyuma ya mikono, goti nyuma ya kifua, mpira ukipenya mlango mmoja ukute mwingine umefungwa. Ila macho hutangulia. Mpira haujafika, macho yameshakimbilia kwa beki wa kulia unayetaka kumrushia. Sekunde ile ndogo mikono inabaki peke yake, kama watoto walioachiwa duka. Siku ile macho yangu yalikuwa kwa beki wa kulia. Nilisikia mpira umegusa glovu, nikasikia umetoka. Nilipogeuka ulikuwa umeshapita na unachora mstari mwembamba kwenye vumbi. Mstari ule ninaweza kukuchorea hata leo.

Hakuna aliyenifukuza. Hilo nataka lieleweke, maana kwa miaka nilikuwa nasimulia kana kwamba walinifukuza. Wenzangu walinyamaza, kocha akanishika bega, Jumatano yake wakaja kuniita mazoezini. Mimi ndiye niliyezifunga glovu kwenye mfuko wa plastiki nikaziweka juu ya kabati, nikasema nina kazi nyingi karakana.

Huyu Hradecky nilimjua baadaye, tarehe 19 Mei 2018. Alikuwa kipa wa Eintracht Frankfurt, fainali ya Kombe lilelile, Berlin ileile, wapinzani walewale Bayern. Frankfurt wakashinda 3-1, Ante Rebić akafunga mawili, na klabu ikapata kombe lake la kwanza tangu 1988. Nilitafuta habari zake kwenye simu usiku ule. Amezaliwa 24 Novemba 1989. Mimi pia ni wa Novemba 1989. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu aliyeacha kudaka lilinichoma kama cheche iliyoingia kwenye kiatu: kuna kipa wa rika langu, mwezi wangu, na yeye bado yumo golini.

Basi nikaanza kumfuata. Alizaliwa Bratislava, Slovakia ya leo, na akiwa mtoto mdogo wazazi wake wakahamia Ufini kwa sababu baba yake alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu. Akakulia Turku, akaanza na timu ya mji huo, TPS. Wadogo zake wawili nao ni wachezaji. Ufini ni nchi ambayo mchezo wa moyo wao ni magongo kwenye barafu, na makipa wake wa mpira wa miguu wamelazimika kwenda mbali kutafuta kazi. Jussi Jääskeläinen, aliyemtangulia kwa umri, alifika Bolton kule Uingereza mwaka 1997 akakaa hadi 2012, miaka kumi na mitano kwenye goli moja. Hradecky alipitia Denmark: Esbjerg mwaka 2009, wakachukua Kombe la Denmark mwaka 2013, kisha Brøndby, kisha Frankfurt mwaka 2015. Hakuruka ngazi hata moja. Wakati anadaka Esbjerg, mimi nilikuwa bado nadaka Katuba. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi mno.

Sasa rudi kwenye chai iliyomwagika. Nilikaa nikamtazama yeye tu, mechi nikaiacha. Nilitaka kuona mtu wa rika langu anafanya nini baada ya bao langu. Leverkusen wakapata moja kwa kichwa cha Sven Bender, Lewandowski akaongeza la nne, Kai Havertz akafunga penalti mwishoni, 4-2. Katika nusu saa ile Hradecky hakufanya ajabu yoyote. Alisimama kwenye mstari, akanyoosha kidole kupanga mabeki, akaomba mpira wa nyuma apewe yeye. Hapo ndipo niliposhangaa. Mimi katika dakika zangu za mwisho mwaka 2011 nilikuwa naomba Mungu mpira usije. Yeye alikuwa anauomba.

Mwaka uliofuata ndio ulionifanya niandike haya, ingawa imechukua muda. Tarehe 12 Juni 2021 Ufini walicheza mechi yao ya kwanza kabisa katika mashindano makubwa ya wanaume, Kombe la Ulaya, dhidi ya Denmark mjini Copenhagen. Kabla ya mapumziko Christian Eriksen wa Denmark akaanguka chini, moyo umesimama. Mnajua. Kwetu watu walizima televisheni, wengine walipiga magoti. Habari ilipokuja kwamba anaongea, mechi ikaendelea saa mbili na nusu. Joel Pohjanpalo akafunga kwa kichwa, hakushangilia. Kisha Denmark wakapata penalti, Pierre-Emile Højbjerg akapiga, Hradecky akaidaka. Ufini 1, Denmark 0. Alikuwa ameishi nchi ile miaka sita, na ushindi mkubwa wa maisha yake akaupata humo, usiku ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheza ngoma.

Siku tisa baadaye, St Petersburg, mechi ya tatu. Wamefungwa moja na Urusi, sasa wako na Ubelgiji, na sare ingewapeleka mbele. Walishikilia hadi dakika ya 74. Kona ikapigwa, Thomas Vermaelen akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba wa pembeni, ukarudi kwenye mkono wa Hradecky, akajaribu kuuzuia, ukaingia. Bao likaandikwa lake: amejifunga. Romelu Lukaku, ambaye damu yake ni ya Kongo na huku tunamhesabu ndugu, akaongeza la pili, na Ufini wakarudi nyumbani. Yaani katika mwezi mmoja mtu aliidaka penalti ya kihistoria na akajifunga bao lililowatoa. Na Agosti, ligi ilipoanza, alikuwa golini Leverkusen kama kawaida.

Leverkusen wenyewe walikuwa timu ya kuumia. Klabu ya mwaka 1904 ambayo haikuwahi kuwa bingwa wa Ujerumani. Mwaka 2002 walikosa ligi, kombe na fainali ya Ligi ya Mabingwa, vyote katika msimu mmoja. Tarehe 14 Aprili 2024 waliifunga Werder Bremen 5-0, Florian Wirtz akafunga matatu, na ubingwa ukawa wao zikiwa zimebaki mechi tano. Bayern walikuwa wameuchukua miaka kumi na mmoja mfululizo. Msimu ukaisha bila Leverkusen kupoteza hata mechi moja ya ligi: mechi 34, ushindi 28, sare 6, mabao ya kufungwa 24 tu. Mei, siku ya mwisho, kapteni aliyeinua ile sahani ya fedha alikuwa kipa wa miaka 34. Nililia. Mke wangu safari hii hakuuliza nani amekufa.

Kuna jambo la siku zile ambalo watu wengi walilipita haraka. Fainali ya Ligi ya Europa, Dublin, kocha Xabi Alonso alimpanga kipa mwingine, Matěj Kovář, kijana. Atalanta wakawafunga tatu, ndiyo mechi pekee waliyopoteza msimu mzima. Kapteni aliitazama akiwa benchi. Mimi najua wivu wa makipa, nafasi ni moja tu, hakuna kuhamishwa winga. Kukaa pale na kuendelea kuwa kapteni ni kazi ngumu kuliko kuruka. Mwaka 2025 akaenda Monaco. Anaendelea.

Mwaka huohuo wa 2024, Januari, kipa wetu Lionel Mpasi alipiga penalti ya mwisho dhidi ya Misri akatupeleka robo fainali ya Kombe la Afrika. Baada ya Gabaski wa Misri, kipa mwenzake, kugonga mwamba. Nilimshangilia Mpasi hadi sauti ikakauka, kisha nikalala nikimfikiria yule wa Misri.

Niliposhusha mfuko kutoka juu ya kabati, ile sponji ya viganjani ilikuwa imekauka ikawa unga. Nikanunua glovu nyingine sokoni. Nikaenda kwa maveterani wa mtaa wetu, wanaocheza Jumapili asubuhi na mapema, nikasema mimi ni gadie. Waliokuwepo 2011 walikuwa wawili. Hawakusema kitu.

Jumapili ya kwanza tulifungwa tatu. La pili lilikuwa lile. Mpira wa mbali, kifuani, mikono ikabaki peke yake, na nikasikia tena ule mguso na ule utokaji. Nikageuka. Vumbi jekundu, mstari mwembamba. Beki wetu wa kati, mwalimu mstaafu mwenye mvi, akaufuata mpira wavuni mwenyewe, akaufuta kwa jezi yake, akanipa mikononi.

"Mudogo, tuanze."

Zilibaki dakika kama ishirini. Dakika mbili tatu za kwanza koo lilikuwa limekauka. Kisha beki wa kulia akabanwa kwenye kona na mtu wao, hana pa kupeleka mpira, na nikasikia sauti yangu inamwita: nyuma, nipe mimi, nipe mimi.

Jumapili ijayo tunacheza na maveterani wa Kenya, komini ya hapahapa Lubumbashi, saa moja asubuhi, kabla ya misa.